Kompyuta ni yako, lakini Windows je? Maswali ya wasomaji na majibu

Safari hii maswali mengi yamekutana njia panda moja: umelipa pesa yako, kitu kiko mkononi, lakini ulichonunua ni nini hasa? Majibu haya ni ya mtu wa kompyuta, si ya wakili. Ukiwa tayari umepokea barua ya madai au wito wa mahakama, usianzie hapa. Maswali nimeyafupisha.

Nimenunua laptopu ya mtumba Kariakoo. Fundi aliipiga Windows 11 Pro ikawa safi, sasa baada ya miezi sita inadai iamilishwe (activate). Nimetapeliwa? (Morogoro)

Hiyo miezi sita imeshakujibu. Makampuni na vyuo huamilisha kompyuta zao kwa seva ya ndani, mfumo unaoitwa KMS, na uamilisho wa namna hiyo hudumu siku 180 mpaka mashine iongee tena na seva. Inaelekea fundi alikuwekea kiprogramu kinachojifanya seva hiyo. Siku antivirusi ilipokifuta, hesabu ya siku ikaanza kuyoyoma.

Usiniamini mimi, angalia mwenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `slmgr /dli`, bonyeza Enter, kisha soma mstari wa maelezo ya leseni. Ukiona VOLUME_KMSCLIENT na mashine hukupewa na mwajiri, mambo ni hayo. OEM_DM ni leseni iliyotoka nayo kiwandani. RETAIL ni leseni iliyonunuliwa peke yake. Ukitaka kujua kama uamilisho ni wa kudumu au una tarehe ya mwisho, tumia `slmgr /xpr`.

Kabla hujarudi kugombana na fundi, fahamu kwamba huenda leseni halali unayo na hujui. Tangu enzi za Windows 8, watengenezaji wengi huandika ufunguo wa Windows ndani ya chipu ya mazabodi, na kufomati diski hakuufuti. Fungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi, andika:

`(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey`

Zikitoka herufi na tarakimu 25, mashine ililipiwa leseni kiwandani. Kosa linalotokea mara nyingi ni toleo: ufunguo ni wa Home, fundi kapiga Pro kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye flashi yake, na ufunguo wa Home hauwezi kuamilisha Pro. Dawa yake ni kuhamisha mafaili yako pembeni, kutengeneza flashi ya GB 8 au zaidi kwa programu ya Microsoft yenyewe ya kuandaa usakinishaji, na kupiga upya toleo linalolingana. Kwa kawaida ufunguo husomwa wenyewe bila kuandika chochote. Lakini kama ufunguo ni wa zama za Windows 7 au 8, usitegemee makuu. Microsoft waliacha kuupokea kwa kuamilisha Windows 10 na 11 mwaka 2023. Na kama mazabodi ilibadilishwa, leseni ya kiwandani ilikwenda nayo.

Linalonikera zaidi si hata hakimiliki. Viprogramu vya kuamilisha kwa ujanja huja na sharti la kuzima antivirusi, halafu hujiandikisha kwenye orodha ya vitu ambavyo Defender, antivirusi ya Windows yenyewe, haruhusiwi kuvikagua. Hapo mlango umeachwa wazi na hujui nani anapita. Kwenye PowerShell ileile andika `Get-MpPreference | Select-Object ExclusionPath`. Kama kuna folda zimeorodheshwa na wewe hukuziweka, usihangaike kusafisha, piga upya kuanzia sifuri na ubadilishe nywila za barua pepe na benki ukitumia kifaa kingine.

Kama ufunguo haupo na pesa ya leseni haipo, Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, itafanya kazi. RAM ya GB 2 ndiyo ya chini kabisa, GB 4 ndiyo ya kuishi nayo, diski GB 20 kwenda juu. Iwashe kwanza kutoka kwenye flashi bila kusakinisha, ujaribu Wi-Fi, sauti na printa yako. Vikikubali hapo, vitakubali baadaye.

Niliacha kazi kampuni inayouza mfumo wa maduka ya dawa. Nimeandika mfumo wangu mpya kuanzia mwanzo, lakini menyu na mpangilio wa kazi vinafanana. Bosi wa zamani anasema nimemwibia. Ana kesi? (Nakuru)

Inategemea kilichofanana. Mkataba wa TRIPS wa 1994, wa kimataifa kuhusu haki za ubunifu katika biashara, ambao Kenya imo, unasema mambo mawili yanayokuhusu. Kwanza, programu ya kompyuta hulindwa kama andiko la fasihi. Pili, ulinzi huo haugusi mawazo, taratibu, mbinu za utendaji wala hesabu. Wazo la mfumo unaoonya kuwa dawa zimebakiza siku 90 kuisha muda halina mwenyewe. Msimbo (code) uliotekeleza wazo hilo una mwenyewe.

Swali la menyu si geni. Huko Marekani, kampuni ya Lotus iliwashtaki wapinzani wao Borland kwa kuiga mpangilio wa amri za programu yao ya majedwali, na mwaka 1995 mahakama ya rufaa ikasema mpangilio wa menyu ni njia ya kuendesha chombo, haulindwi na hakimiliki. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu iligawanyika nne kwa nne, hukumu ikabaki ilivyo. Kisha Google walinakili takribani mistari 11,500 ya tamko (declarations) za Java, lugha ya kuandikia programu iliyo mali ya Oracle, ili waandishi wa programu za Android wasijifunze upya. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ikaamua, majaji sita dhidi ya wawili, kwamba ni matumizi ya haki. Hakimu wa Nakuru hafungwi na hukumu hizi, lakini hoja zake wakili wako anaweza kuzibeba.

Panapouma kwako ni kwingine. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inahesabu kazi iliyofanywa ndani ya ajira kuwa imehamia kwa mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hiyo hata msimbo ulioandika kwa vidole vyako mwenyewe ukiwa kule ni wao. "Niliuandika mimi" si utetezi. Kukumbuka jinsi tatizo lilivyotatuliwa ni ujuzi wako, umeondoka nao kihalali. Kufungua faili la zamani na kubadilisha majina ya vigezo ni kunakili, na wataalamu wanaolinganisha misimbo huangalia hasa vitu ambavyo mwizi husahau: makosa ya tahajia yaliyojirudia, maoni ya mwandishi ndani ya msimbo, safu za jedwali zisizotumika na mtu yeyote.

Fanya yafuatayo wiki hii. Hakikisha hakuna nakala ya msimbo wa zamani kwenye laptopu, simu, wala hifadhi yako ya mtandaoni. Usiifute kienyeji kama madai yameshaandikwa rasmi, muulize wakili kwanza, maana kufuta kunaweza kuonekana kuharibu ushahidi. Tunza historia yote ya mfumo mpya kwenye Git, programu inayoweka kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo, yenye tarehe na hatua ndogondogo. Mfumo uliozaliwa siku moja ukiwa na mistari 40,000 unajishtaki wenyewe. Badilisha maneno ya msaada, aikoni na violezo vya ripoti kama uliviiga, maana hivyo ni andiko na michoro, si mbinu. Orodha ya wateja wa bosi usiiguse kabisa. Hapo unaingia kwenye siri za biashara na Sheria ya Kulinda Data ya 2019, ambayo ni vita nyingine. Sehemu ya kuunganisha na eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi ya Kenya, KRA, isikutie hofu, kila mfumo unaotoa ankara hulazimika kuongea na KRA kwa lugha ileile, hivyo kufanana ni lazima.

Ukiajiri mtu wa kukusaidia, iga walichofanya kampuni ya Phoenix mwaka 1984 walipotaka BIOS, programu inayowasha kompyuta, inayoendana na ya IBM. Kundi moja lilisoma ya IBM likaandika maelezo ya inachofanya. Kundi la pili, ambalo halikuwahi kuiona, liliandika mpya kwa maelezo hayo tu. Wewe umeuona msimbo wa zamani, yeye hajauona. Mpe maelezo, aandike yeye zile sehemu zenye utata.

Nimekuta programu nzuri ya stoo, ina leseni ya GPL. Naweza kuirekebisha na kuiuza kwa wenye maduka? (Dodoma)

Unaweza, na bei upange wewe. GPL, leseni ya programu huria, haikatazi kuuza, wanaosema inakataza hawajaisoma. Inachodai ni kwamba unayempa programu umpe pia msimbo chanzo wenye marekebisho yako, chini ya leseni hiyohiyo, naye awe huru kuirekebisha na kuigawa. Jambo linaloamsha wajibu ni kukabidhi nakala. Ukiiweka kwenye seva yako na wateja wakaitumia kwa kivinjari, GPL ya kawaida haikudai kitu. Ikiwa ni AGPL, ndugu yake GPL, hata watumiaji wa mtandaoni wana haki ya msimbo. Kwa hiyo herufi ile moja mbele ibadilishe mpango wako wa biashara kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Kinachowaangusha wengi ni kufuta majina. Faili la leseni na notisi za waandishi wa mwanzo zibaki, nawe uongeze maelezo ya ulichobadili na tarehe. Ukiuza bila kuambatanisha msimbo, toleo la pili la GPL linataka utoe ahadi ya maandishi, inayodumu angalau miaka mitatu, ya kumpatia msimbo yeyote atakayeuomba. Rahisi zaidi uweke kwenye flashi ileile unayosakinishia, basi. Usichanganye humo maktaba ya kibiashara isiyoruhusu msimbo wake kutolewa. Leseni hizo mbili haziwezi kutimizwa kwa pamoja na huna njia ya katikati.

Mradi wa mtandaoni usio na leseni yoyote ni mtego wa kinyume chake. Watu hudhani kimya ni ruhusa. Bila leseni, haki zote zimebaki kwa mwandishi. Mwandikie, mwombe aongeze leseni. Wengi walisahau tu.

Na usidhani leseni hizi ni maneno ya heshima yasiyo na meno. Mwaka 2008, katika shauri la Jacobsen na Katzer huko Marekani, mahakama ya rufaa ilisema anayevunja masharti ya leseni huria anavunja hakimiliki yenyewe, si ahadi tu.

Nina kibanda cha kurushia watu muvi na nyimbo kwenye flashi, mia tano kwa muvi. Nasikia COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki Tanzania, wanakamata. Je, nikilipia usajili wa mtandaoni wa filamu nitakuwa halali? (Mwanza)

Hapana. Usajili ule unakupa ruhusa ya kutazama, wewe na wa nyumbani kwako. Kunakili na kusambaza ni haki nyingine mbili tofauti, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 imeziacha kwa mwenye kazi. Kinga ya matumizi binafsi haikufuniki pia, maana unamnakilia mtu mwingine kwa malipo. Muvi zilizotafsiriwa kwa sauti ya Kiswahili nazo ni hivyohivyo: mtafsiri ana jasho lake mule, lakini kutafsiri nako kunahitaji ruhusa ya mwenye filamu. Mwenye kibanda umiza anayeonyesha mechi kwa king'amuzi cha kifurushi cha nyumbani yuko kwenye boti hilohilo.

Nitasema ninavyoona: mfumo haujawahi kuwatazama watu wa kazi yako. Mwaka 2013 Serikali ilianzisha stempu za ushuru kwa kanda na diski za filamu na muziki. Flashi utaibandika wapi stempu, na ya wimbo upi kati ya mia nne? Mteja wako hana bando la kutazama mtandaoni na duka la diski limefungwa. Mahitaji ni ya kweli, njia halali ya rejareja ndiyo haipo. Hilo halikusaidii mbele ya polisi, lakini linaonyesha penye pesa.

Penyewe ni hapa. Watengenezaji wa filamu wa hapa nchini, wanakwaya, wasanii wachanga wa singeli na wachekeshaji wengi hawana msambazaji. Andikeni karatasi moja: jina la kazi, eneo na muda, bei kwa nakala, mgao wa kila mmoja, siku ya kuhesabiana, sahihi mbili. Kila kazi ipe namba, na uweke daftari la mauzo ambalo mwenye kazi anaweza kulikagua. Ongeza kazi zenye leseni za Creative Commons, ambazo mwenye kazi huruhusu wengine waitumie kwa masharti, lakini soma herufi zake: BY maana yake taja mwandishi, NC maana yake usifanyie biashara, na kurusha kwa mia tano ni biashara, kwa hiyo zenye NC ziache.

La kiufundi, kwa kuwa litakupata tu: filamu inayozidi GB 4 haitakubali kuingia kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, hata kama nafasi ipo tele. Ukiifomati exFAT itaingia, ila televisheni nyingi za zamani hazitaisoma. Bora ubane filamu iwe chini ya GB 4.

Je, flashi ya TB 2 kwa shilingi elfu kumi na tano inawezekana? Nyimbo za mwanzo zinacheza, za mwisho zinagoma. (Mtwara)

Haiwezekani. Ndani kuna chipu ndogo, labda ya GB 8 au 16, na kidhibiti kilichofundishwa kudanganya ukubwa. Ukijaza kupita nafasi ya kweli, data mpya huandikwa juu ya zile za zamani au hupotea hewani, huku majina ya mafaili yakiendelea kuonekana. Ndiyo maana ulidhani ni nyimbo mbovu.

Ipime kwa H2testw ukitumia Windows, au f3 ukitumia Linux. Programu hujaza flashi yote, kisha husoma kila kilichoandikwa. Flashi halali ya GB 64 inayoandika MB 10 kwa sekunde itachukua karibu saa mbili kujaa, hivyo ianzishe ukienda kula. Ya kwako simamisha mapema, ikianza kukosea baada ya GB 8 umeshapata jibu. Kwa f3fix unaweza kuikata ibaki na ukubwa wake wa kweli, lakini usiweke humo kitu unachokipenda. Mrudishie muuzaji pamoja na picha ya matokeo. Akikataa, bidhaa bandia Tanzania Bara hushughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, na Kenya kuna mamlaka maalumu ya kupambana na bidhaa bandia.

Napiga video za harusi na kuzipandisha YouTube. Moja imezuiwa kwa sababu ya wimbo wa taarabu uliopigwa ukumbini. Niliandika kwenye maelezo kuwa sidai haki ya wimbo, na ulisikika sekunde 20 tu. (Mombasa)

Maneno yale hayana kazi, na kanuni ya sekunde kumi, ishirini au thelathini haipo. Ni hadithi ya vijiweni. Kwenye wimbo mmoja kuna haki mbili: ya utunzi na mashairi, na ya rekodi. Umemlipa DJ kupiga ukumbini, hujamlipa mtu yeyote kwa kufunga wimbo huo kwenye picha na kuusambaza dunia nzima.

Kwanza tofautisha umepata nini. Dai la Content ID hutolewa na mashine iliyolinganisha sauti yako na hifadhi ya wenye haki. Mwenye haki huchagua video izuiwe, au matangazo yake yamwingizie yeye pesa, au ifuatiliwe tu. Dai hilo halichafui chaneli. Onyo la hakimiliki ni jingine: mtu ameandika ombi rasmi video iondolewe. Maonyo matatu yakiwa hai kwa pamoja, chaneli inaweza kufutwa, na kila moja huisha baada ya siku 90 ukimaliza somo lao la hakimiliki.

Kama ni dai tu, ingia YouTube Studio, fungua video, gusa maelezo ya kizuizi. Utapewa kukata kipande, kubadilisha wimbo, au kuunyamazisha. Kuna chaguo la kufuta wimbo peke yake na kubakiza sauti za watu. Hufanya kazi vizuri pale muziki ulipo nyuma, hukoroga pale bibi harusi anapoongea juu ya spika iliyo wazi. Usikimbilie kupinga dai ambalo ni la kweli. Ukipinga, mdai ana siku 30 kujibu, akishikilia na wewe ukakata rufaa bila hoja anaweza kuleta ombi la kuondoa, na hapo dai lisilo na madhara limegeuka onyo. Pinga pale tu una ruhusa ya maandishi, au mashine imekosea, kwa mfano imedai kasida iliyoimbwa na wanafunzi wa madrasa palepale ukumbini.

Kazi zijazo zipange toka kwenye kurekodi. Mvalishe bwana harusi kinasa sauti kidogo, kingine kiweke karibu na shehe au mchungaji, sauti ya ukumbi ibaki kwenye mkondo wake. Wakati wa kuhariri utapunguza ukumbi bila kupoteza viapo. Familia wapewe video kamili kwenye flashi. Ya kupandisha iwe nyingine, yenye muziki uliolipiwa leseni au kutoka kwenye maktaba ya bure ya YouTube. Ipandishe ikiwa binafsi, subiri ukaguzi umalize, ndipo ufungue. Halafu kumbuka sura za wageni. Mkataba wako na familia uwe na mstari unaosema kama unaruhusiwa kuiweka mtandaoni au la, maana sheria za data binafsi za Kenya na Tanzania zinaitambua picha ya mtu.

Aliyenitengenezea tovuti ya hoteli hataki kunipa nywila. Kikoa (jina la tovuti mtandaoni) nacho alikisajili yeye. Kuna kijana anasema anaweza kuidukua anirudishie. (Arusha)

Mwambie kijana asante, aende. Kuingia kwenye mfumo bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na anayemtuma naye yumo. Umegeuza madai uliyokuwa na haki nayo kuwa jinai inayokukabili wewe.

Swali la kwanza lisilopendeza: umemaliza kumlipa? Kama bado, yeye si mwizi, anadai. Kama umelipa, kusanya risiti, ujumbe wa WhatsApp na maelewano yote, kisha angalia taarifa za kikoa kwa huduma ya whois, inayoonyesha kimesajiliwa kwa jina la nani. Jina la mmiliki likiwa lako, wakala wa usajili anaweza kukusikiliza bila yeye. Likiwa lake, mwandikie barua yenye tarehe ya mwisho ukidai vitu kwa majina, si "nipe tovuti yangu": kubadilisha mmiliki wa kikoa, msimbo wa uhamisho, nakala ya mafaili yote, na hifadhidata katika faili la .sql. Kwa WordPress, programu ya kujengea tovuti, mafaili bila hifadhidata ni fremu bila picha. Omba pia orodha ya rekodi za DNS, zinazoelekeza kikoa kwenye seva zake, hasa za barua pepe. Watu huhamisha tovuti vizuri kisha maombi ya wageni kulala hotelini yanapotea wiki nzima kwa sababu rekodi ya MX, ile ya barua pepe, ilisahaulika.

Siku mbili kabla ya kuhama, shusheni TTL, muda ambao mtandao hukumbuka anwani ya zamani, iwe sekunde 300. Rudisha nakala kwenye seva mpya, ifungue, jaribu fomu ya kuweka nafasi, ndipo uelekeze kikoa. Akaunti ya kikoa iwe na barua pepe yako isiyo ya kikoa hichohicho, la sivyo siku kikikwama hata ujumbe wa kubadili nywila hautakufikia.

Kuhusu nani mwenye hakimiliki ya kazi uliyoagiza, Kenya sheria inaielekeza kwa aliyeagiza kama hamkukubaliana vingine. Mkiwa Tanzania, kuhama kwa haki kuandikeni wazi kwenye mkataba, pamoja na siku ya kukabidhi nywila. WordPress yenyewe ni GPL, si yake wala si yako. Viongezo vya kulipia huenda vimesajiliwa kwa jina lake na vitakosa masasisho, hivyo tenga pesa ya kuvinunua upya.

Nina vitabu vya zamani vya Shaaban Robert. Naweza kuvipiga skana na kuviweka mtandaoni? (Tanga)

Tanzania hakimiliki hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo. Yeye alifariki 1962, kwa hiyo muda wa maandishi yake uliisha na mwaka 2012. Lakini toleo ulilonalo linaweza kuwa na utangulizi, maelezo, michoro au jalada la mtu mwingine, na hivyo vina saa yake. Skani maandishi yenyewe, ya wengine yaache, jina lake libaki na maneno usiyabadili. Nchi nyingi hutumia miaka 70, hivyo kabla ya kuweka kwenye seva ya nje angalia hesabu ya huko.

Skani kwa dpi 300, kurasa za manjano ziache za kijivu badala ya nyeusi na nyeupe tupu. Tesseract, programu inayogeuza skani kuwa maandishi, ina kifurushi cha Kiswahili, `swa`. Itakosea sana kwenye ng' na kwenye karatasi iliyovuja wino upande wa pili, kwa hiyo lazima mtu asome kila ukurasa. Mashairi yapitie mara mbili, mashine hupenda kuunganisha vipande vya mshororo.

Picha ya bango niliyotengeneza kwa akili mnemba ni mali yangu? (Kigali)

Marekani mahakama ya rufaa ilishikilia Machi 2025, katika shauri la Thaler, kwamba kazi lazima iwe na mtunzi binadamu. Sheria ya Kenya, kinyume chake, inamtaja mtunzi wa kazi iliyotengenezwa na kompyuta kuwa aliyefanya maandalizi ya lazima ili kazi iwepo. Iliandikwa kabla ya mashine hizi, na nadhani itabishaniwa sana. Kwa nembo ya biashara usibahatishe: ichore mtu, kisha uisajili kama alama ya biashara.

Simu niliyonunua mkononi inadai akaunti ya Google ya mtu wa kwanza. Fundi anataka elfu thelathini kuivunja na "kubadili IMEI kabisa". (Dar es Salaam)

Kubadili IMEI, namba ya utambulisho wa simu, usithubutu, ni kosa la jinai chini ya sheria ya mawasiliano ya kielektroniki ya 2010. Kufuli unaloliona limekuwepo tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, limewekwa dhidi ya wezi. Mpigie aliyekuuzia aweke nywila yake. Akikwepa, una jibu la simu ilikotoka, nayo inatakiwa kwenda polisi pamoja na jina lake.

Ukinunua nyingine, mwenye simu aondoe akaunti mbele yako kwenye mipangilio, kisha afute simu kupitia mipangilio hiyohiyo. Akifuta kwa vitufe vya pembeni, kufuli linabaki. Piga *#06#, linganisha tarakimu 15 na zilizo kwenye boksi, zitume kwa ujumbe kwenda 15090 uone kama aina inayotajwa ndiyo uliyoishika. Iwashe mpaka ifike kwenye skrini ya mwanzo ndipo utoe pesa.